Waraka kwa Mshauri Elekezi wa Mazingira, Kabla Vigingi Havijapigwa

Ndugu Mshauri Elekezi,

Nakuandikia kutoka huku Hanang. Umri wako siujui, kwa hiyo shikamoo naiweka hapa. Ukistahili ichukue, na kama wewe ni mdogo kwangu nitaidai yangu siku tutakapoonana. Jina lako pia silijui, maana hujapewa kazi bado. Hata hivyo, kuja utakuja. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, hauwezi kukaa Rufiji ukisubiri wateja waufuate. Lazima usafirishwe, na njia za msongo wa kilovolti 400 zinazidi kuchanja nchi. Ya kutoka Singida hadi Namanga, kilomita 414 kwa upande wetu, imekwisha kuungana na ya wenzetu wa Kenya mpaka Isinya na ikawashwa mwishoni mwa 2024. Ya Chalinze hadi Dodoma ni kilomita 345. Ipo pia ile ya kutuunganisha na Zambia, inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma. Itakayofuata, popote itakapopita, itahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo itahitaji mshauri elekezi. Huyo ndiye wewe. Nimeona nikuandikie mapema, kwa sababu siku ya mkutano wa wadau huwa tumeshachelewa sote wawili.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hatupingi umeme. Nalisema hili mwanzoni kwa kuwa katika ripoti za aina yako mwananchi aliyeuliza swali la pili huandikwa kuwa ana "uelewa mdogo wa mradi". Uelewa tunao. Tunajua kwamba umeme wa kilovolti 400 haushuki kijijini bila kupita kwenye kituo cha kupoza umeme, kwa hiyo hatutakuomba ututundikie balbu kwenye mnara. Tunajua hata kwa nini msongo unapandishwa: ukiuzidisha mara mbili kwa umeme uleule, mkondo unapungua nusu na upotevu wa njiani unabaki robo. Hesabu hiyo ni nzuri na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni mdogo tu, nao unahusu mahali waya unapopita.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 81, inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa. Ni kifungu kizuri, na anayekisoma akiwa mbali na vijiji anaweza kuamini kwamba wewe ndiye unayetangulia na wahandisi ndio wanaokufuata. Tulio karibu tunaona kinyume chake. Kwanza hupita watu wenye vipimo, halafu vigingi, halafu mthamini na fomu zake, halafu alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba. Baada ya hapo gari lako linaingia, na mtendaji wa kijiji anapiga simu kwamba wadau tunahitajika saa nne. Nakuhurumia kwa dhati. Umeitwa kushauri juu ya ndoa wakati mahari yameshapokelewa. Tena anayekulipa ni yuleyule unayekwenda kumkagua. Mkono mtupu haulambwi, nawe una familia.

Kwa sababu hiyo sitakuomba ushujaa. Nitakuomba kitu kidogo, kinachoingia katika ripoti yoyote, ambacho hata mwenye mradi hawezi kukuzuia bila kujieleza. Nakuomba utueleze kona.

Nifafanue kwa faida ya wasomaji wengine, maana wewe unalifahamu hili vizuri. Minara ya njia ya umeme si ya namna moja. Mingi ni ya kawaida: vikombe vya kuhami umeme vinaning'inia wima kama vishada, na kazi ya mnara ni kubeba uzito wa nyaya tu. Pale njia inapobadili uelekeo hujengwa mnara wa kona. Huo ukiutazama unautambua mara moja. Vikombe vyake vimelala badala ya kuning'inia, miguu yake imetanuka zaidi, chuma chake ni kingi na msingi wake ni mzito, kwa kuwa unavutwa upande mmoja usiku na mchana. Ni mnara wa gharama. Mhandisi mwenye akili timamu hapindishi njia kwa kupenda, hivyo nyuma ya kila kona kuna sababu, na kuna mtu anayeijua.

Zipo sababu ambazo hakuna wa kuzibishia: kilima, mto mpana, bwawa, uwanja wa ndege, mji uliokwisha kujengwa. Zipo nyingine zinazohitaji maelezo kidogo. Njia imekuja imenyooka kilomita nyingi, ikafika mahali ikakwepa shamba kubwa lenye uzio mzuri na lango la chuma, ikarudi kwenye mstari wake baada ya kupita juu ya viunga vya watu wasio na uzio. Simtuhumu mtu. Pengine palikuwa na udongo mbaya. Nasema tu kwamba ikiwa udongo ulikuwa mbaya, ripoti ndiyo mahali pa kusema hivyo.

Badala yake ripoti hutupatia sura ya njia mbadala. Nimezisoma sura hizo kwa raha, zina utamu wa hadithi. Mbadala wa kwanza ni kutojenga kabisa, na hapo mwandishi hutueleza giza litakavyoifunika nchi. Mbadala wa pili huwa ni kupitisha nyaya chini ya ardhi mamia ya kilomita, jambo ambalo kwa msongo huo lina gharama ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria kwa uzito. Wa tatu ni ile njia yenyewe iliyokwisha kuchaguliwa, nayo kwa bahati nzuri hushinda kila mara. Sijaona bado mashindano ambamo wawili kati ya watatu waliingizwa uwanjani wakiwa hawana miguu.

Mbadala wa kweli ni wa karibu zaidi na hauna makuu: je, tukisogea kilomita tatu magharibi tunamkwepa nani na tunamkuta nani? Tukifuata mkuza wa zamani, ule ambao tayari umefyekwa na una barabara yake ya matengenezo, tunaokoa miti mingapi? Ndiyo maana naomba jedwali la kurasa mbili au tatu tu: namba ya kona, kilichokwepwa, kilichoangukiwa, na aliyeamua. Ukituletea hilo, sura nyingine zote unaweza kuzinakili kama kawaida.

Nimesema kunakili, samahani. Nimewahi kupitia ripoti ya mradi wa bara ambayo katika orodha yake ya viumbe alikuwamo kasa wa baharini. Tulicheka, kisha tukamwonea huruma yule kasa, maana safari yake ilikuwa ndefu.

Viumbe wetu halisi wana mambo yao, na hayaonekani saa nne asubuhi mwezi wa Agosti. Huku ni nchi ya maziwa ya magadi: Singidani na Kindai pale Singida mjini, Manyara, na mbele zaidi Natron. Heroe, ambao waongoza watalii huwaita flamingo, huzunguka kati ya maziwa haya kufuata chakula na maji. Natron ndipo wanapozaliwa karibu robo tatu ya heroe wote wa jamii ndogo duniani, na katika Afrika Mashariki hawana mahali pengine pa kuzalia pa kutegemewa. Sasa sikia hili, Ndugu Mshauri: safari zao ndefu huzifanya usiku. Tuseme wewe umekuja mchana, wakati wa kiangazi, ukasimama kandokando ya barabara na darubini shingoni, ukahesabu kunguru, ukaandika kwamba hakuna njia kuu ya ndege iliyobainika. Ni kweli kabisa, hukuibaini. Hata mimi nikienda kuhesabu popo adhuhuri nitaandika kwamba hawapo.

Na ndege hawafi kwa namna wengi wanavyodhani. Kwenye nyaya za msongo mdogo zilizo karibu karibu, tai au bundi anayetua huweza kugusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja akapigwa shoti. Kwenye kilovolti 400 nyaya zimeachana mno kwa jambo hilo kutokea mara kwa mara. Hatari ya huko ni kugonga, na kinachogongwa hasa ni ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi, kwa kuwa ni mwembamba kuliko wenzake na haushikwi upesi na jicho. Ndege anaziona nyaya nene, anapanda juu ili azikwepe, anakutana na ule mwembamba. Tandawala na korongo wana tabu ya ziada: wakiinamisha kichwa kutazama chini huku wanaruka, mbele hawaoni kitu. Dawa ipo na si ya ajabu, ni vialama vya kufungwa kwenye waya huo ili uonekane. Ripoti huvitaja. Husema vitafungwa "inapobidi". Ningependa kujua itabidi wapi, kati ya mnara upi na upi, na vikidondoka baada ya miaka kadhaa ya upepo nani atapanda kuvirudishia.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Februari 2021, twiga watatu walikufa kwa umeme ndani ya hifadhi ya Soysambu, na taarifa ya awali ya Shirika la Wanyamapori ilieleza kuwa nguzo zilizokatiza hapo zilikuwa fupi kuliko twiga. Ile ilikuwa njia ndogo ya usambazaji, si minara mirefu unayokwenda kuipima wewe, lakini funzo linafanana: kuna mtu hakutazama juu. Wanyama nao hulipiza. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye mitambo ya umeme ya Gitaru na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili alisalimika.

Nikirudi nyumbani, kuna jambo ambalo wageni wenye ramani wamewahi kutukosea, na sitaki likupate wewe. Katika miaka ya 1970, kwenye tambarare za Basotu hapa Hanang, Shirika la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Waliopima waliona nyasi. Hawakuona Wabarabaig, kwa sababu Wabarabaig walikuwa wamehama na mifugo yao kwenda kwenye malisho mengine, kama walivyofanya kila msimu tangu mababu, na wangerudi. Matrekta yakalima malisho, yakalima njia za ng'ombe, na yakalima bung'eda. Bung'eda ni kichuguu kinachojengwa kwa udongo juu ya kaburi la mzee aliyeheshimika. Ujenzi wake huchukua miezi, ukoo mzima hukusanyika, na watu huendelea kukirudia miaka na miaka. Machoni mwa dereva wa trekta ni kichuguu tu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikawapa ushindi NAFCO.

Mnara wa umeme haulimi ekari elfu, hilo nakubali. Lakini mguu wa mnara unachimbiwa mahali fulani, na ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inayokupa utaratibu ukilikuta kaburi. Shida ni kulikuta. Kaburi lisilo na saruji wala msalaba hulioni kwa picha za setilaiti, na fomu yako ina safu ya "idadi ya makaburi" bila safu ya "nani ametuonyesha". Tafuta wazee wenye nchi, mwende kwa miguu, na uchague msimu ambao wenyewe wapo. Ukienda wakati wamehama utarudia kuandika yale yaliyoandikwa na wale wa ngano, ila safari hii kwa kompyuta.

Kuhusu udongo sitasema mengi. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulimwaga maji, tope na mawe juu ya Katesh na vitongoji jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Kwa hiyo utakapofika kwenye mstari wa jedwali lako unaosomeka "mmomonyoko wa udongo: athari ndogo, ya muda mfupi", tafadhali uuandike ukiwa Katesh na ukaulize wenyeji maji yalipita wapi. Angalia hasa barabara za muda, zile zinazochongwa kwenye miteremko ili lori la vyuma lifike. Njia ya umeme ikishakamilika mkandarasi huondoka na barabara hubaki. Msimu unaofuata maji huifanya korongo, na kabla ya hapo wachoma mkaa wameshaijua. Athari kubwa ya njia ya umeme porini mara nyingi haipo hewani kabisa, ipo kwenye tairi.

Tuje kwenye mkuza na fidia. Nikikadiria kwa chini, mkuza wa upana wa mita 50, kila kilomita moja ya njia inalala juu ya hekta 5. Kwa kilomita 414 tayari ni hekta zaidi ya 2,000. Si kwamba zinapotea zote. Alizeti itaota, mbuzi watapita. Visivyoruhusiwa ni nyumba na mti mrefu, na hapo ndipo hesabu ya mthamini na hesabu yetu zinapoachana. Mzinga wa nyuki anauhesabu, kwa kuwa unashikika. Mgunga uliotundikiwa mzinga utakatwa, na migunga mingine yote iliyokuwa ikitoa maua itakatwa pamoja nao. Mfugaji nyuki anabaki na mzinga uliolipiwa na nyuki waliohama.

Kanuni za fidia za 2001 zenyewe zina ukarimu wa aina yake. Anayehamishwa makazi hulipwa usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya makazi ya miezi 36. Nimejaribu kufikiria kaya ya hapa yenye tani 12 za mizigo na sijaipata, labda tukiwapakia na ng'ombe. Ila kilomita 20 naielewa: ni umbali wa kutosha kumpotezea mtu jirani zake wote. Fidia inapaswa kuwa kamili, ya haki na ya haraka. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, sheria inataka ilipwe na riba. Naomba sentensi hiyo isomwe kwa sauti mkutanoni, na wewe, maana ukiisoma wewe wataamini.

Na mkutano wenyewe. Kanuni za tathmini za 2005 zinataka ripoti iambatane na muhtasari unaojitegemea, usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nakushukuru mapema kwa kuuandaa. Swali langu ni unakokwenda ukishaandikwa. Huku kwetu mambo huwa hivi: turubai limefungwa chini ya mti, meza ina kitambaa, mgeni anaeleza mradi kwa nusu saa kwa maneno ambayo nusu yake ni vifupisho, mwenyekiti anatushukuru kwa utulivu. Maswali matatu yanaruhusiwa kwa sababu ya muda. La kwanza huwa la ajira kwa vijana, la pili la fidia, la tatu hujibiwa kwamba "limechukuliwa". Tunapewa soda. Karatasi ya mahudhurio inapita, tunasaini. Miezi kadhaa baadaye sahihi zile zimo kwenye kiambatisho, chini ya kichwa kinachosema jamii imeshirikishwa na kuridhia. Mimi nilisaini kwamba nilikuwepo. Kama kuwepo ni kuridhia, basi hata mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya turubai aliridhia.

Najua kazi yako ni ngumu, muda ni mfupi na hadidu za rejea zimeandikwa na wengine. Najua pia kwamba kati yenu wapo wanaolala porini kweli, wakarudi na daftari lenye matope na ripoti ambayo mwenye mradi hakuifurahia. Hao waraka huu hauwahusu, na naamini wewe ni mmoja wao mpaka utakaponithibitishia vingine.

Basi njoo kabla ya vigingi. Njoo masika na urudi kiangazi, ulale usiku mmoja kando ya ziwa usikilize heroe wakipita. Muhtasari wa Kiswahili uache ofisi ya mtendaji wiki mbili kabla ya mkutano, na lile jedwali la kona libandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kumsomea bibi yake. Soda tutajinunulia.

Wako katika maendeleo,

Mkazi wa Hanang